Makaa na Maji katika Nchi ya Upare

Kabla reli ya Tanga haijapita Makanya, makaa yalikuwa na heshima kubwa katika milima ya Upare. Wahunzi wa ukoo wa Washana, ambao mapokeo aliyoyachunguza mwanahistoria Isaria Kimambo yanawataja kuwa watawala wa kale wa Ugweno, waliyeyusha chuma kwa moto wa makaa, na chuma hicho kikafika mpaka Uchagani. Maji nayo yalikuwa na elimu yake: yalikusanywa katika mabwawa yaitwayo ndiva, kisha yakafunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Lakini elimu hizo mbili hazikukutana.

Zilikutana kwingineko. Mwaka 1785 Lowitz, mkemia aliyefanya kazi Urusi, aligundua ya kwamba makaa huondoa rangi katika vimiminika. Baadaye akaonyesha kuwa huondoa na uvundo wa maji yaliyokaa. Mwaka 1900 na 1901 Ostrejko alipata hataza za kuyatengeneza makaa hata yakafunguka vitundu visivyohesabika. Ndiyo makaa amilifu. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipoleta gesi ya sumu, vifuu vya nazi, ambavyo pwani hutupwa jalalani, vikageuka malighafi ya barakoa za askari.

Kazi ya makaa hayo si kuchuja kama kitambaa, bali kunasa. Harufu, rangi, klorini na sumu nyingi za viuatilifu hushikamana na kuta za vitundu. Vikijaa, kazi imekwisha. Na chujio lisilobadilishwa huweza kuwa maskani ya vijidudu.

Hapo ndipo Makanya inapotoa funzo. Ardhi yake ina jasi, ambayo huchimbwa kwa ajili ya viwanda vya saruji. Maji yapitayo katika jasi huyeyusha chumvi zake, na chumvi hizo makaa hayazizuii. Floridi nayo, iharibuyo meno na mifupa ya watu katika sehemu za kaskazini ya Tanzania, haipungui kwa makaa ya kawaida kiasi cha kutosha kufikia kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Ngurdoto, huko Meru, walitumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Nayo hunasa floridi kwa madini ya mfupa, si kwa makaa yake. Ama vijidudu, dawa yake ni kuchemsha maji au kuyatia klorini.

Mwaka 2025 ulizinduliwa mradi wa kuleta maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu katika wilaya za Same na Mwanga. Hata hivyo swali la kale limebaki kwa kila anywaye maji ya kisima: yana nini ndani yake? Mwenye fedha kidogo akinunua chujio kabla ya maji kupimwa, huenda akayapata maji yasiyo na harufu, akayaamini, na ugonjwa ukabaki ndani yake. Mhunzi wa Ugweno hakuweza kutegemea makaa peke yake. Ilimpasa kwanza aujue mchanga aliotaka kuuyeyusha.