Mumias, 1961: simu, mikono na watoto viziwi

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo hakuna msimbo. Leo ni historia, na inaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana shule moja hapa Kakamega iliniomba programu ya kuwajulisha wazazi habari za karo na mikutano. Mimi nikaona SMS ni mambo ya zamani, nikaandika mfumo unaopiga simu: sauti inasoma ujumbe, mzazi anabonyeza 1 kuonyesha kwamba ameusikia. Ulifanya kazi vizuri ajabu. Baada ya mwezi mwalimu mmoja akaniuliza mbona kuna mama ambaye kila mara mfumo unaandika "hakujibu". Mama huyo ni kiziwi. Simu ikitetemeka alikuwa anaipokea, anaitazama, basi.

Kurekebisha kulichukua mistari michache tu. Aibu ndiyo iliyonifanya nianze kusoma.

Jambo la kwanza nililokutana nalo: Alexander Graham Bell, yule wa simu ya 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake alikuwa na uziwi, mke wake Mabel vilevile. Kifaa chake kikawafungia nje watu walewale aliokuwa akiwafundisha. Tena Bell alikuwa mtetezi mkubwa wa kuwafundisha viziwi kwa kusema na kusoma midomo, bila ishara. Mwaka 1880 walimu walikutana Milan, Italia, wajumbe 164, wakapiga kura kwamba njia ya midomo ndiyo bora. Miongoni mwa wajumbe hao kiziwi alikuwa mmoja tu. Fikiria kamati inayoamua jinsi programu itakavyotumika na mtumiaji ni mmoja kati ya 164!

Uamuzi ule ulisafiri mbali. Ulifika hapa kwetu.

Chama cha Kenya cha watoto viziwi kiliundwa 1958. Mwaka 1961 zikafunguliwa shule mbili upande huu wa magharibi, Nyang'oma huko Siaya na Mumias, ambayo leo imo kaunti ya Kakamega. Zilianza chini ya kanisa Katoliki, kabla hata ya uhuru. Kwa mtoto wa kijijini aliyekuwa akichunga ng'ombe huku ndugu zake wakienda shule, huo ulikuwa mlango uliofunguka, na sitaki mtu aseme naudharau. Ila ndani ya mlango lugha ilikuwa ya midomo: mashine za masikioni, mazoezi ya kutamka, na ishara zikakatazwa darasani.

Sasa fanya jaribio hili. Simama mbele ya kioo, useme bila kutoa sauti: mama, baba, papa. Umeona? Midomo inafanya kitu kilekile mara tatu. Sisi watu wa tarakilishi tunaijua hali hii, data inapotea njiani halafu anayepokea analaumiwa kwa kukosea. Mtoto aliambiwa ni mzito wa kuelewa, akarudishwa darasa, wakati alichokosa ni njia ya kupokea habari.

Lakini shule za bweni zina upande wa pili ambao waliozipanga hawakuukusudia. Watoto viziwi wakikaa pamoja usiku wanaongea kwa mikono, mkubwa anamfundisha mdogo. Mabwenini humo, katika shule kadhaa nchini, ndimo Lugha ya Ishara ya Kenya ilimokulia. Hakuna wizara iliyoitunga.

Miaka ya themanini mambo yalianza kugeuka. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, zikaanza huduma za kuwapima watoto na kuwaelekeza shuleni, zile ambazo wazazi wengi wanaziita EARC. Mwaka 1986 ikaundwa taasisi ya KISE ya kufundisha walimu wa elimu maalum. Mwaka huohuo shule ya viziwi ya Machakos ikajaribu kufundisha kwa ishara na sauti pamoja, ingawa ishara zenyewe zilipangwa kufuata sarufi ya Kiingereza. Kuanzia 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo Profesa Okoth Okombo, kikachunguza lugha ya viziwi wenyewe na kuonyesha kwamba ina sarufi yake kamili. Katiba ya 2010 ikaitaja katika kifungu cha 7, na kifungu cha 120 kikaifanya lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Na simu je? Huko Marekani Robert Weitbrecht, mwanafizikia kiziwi, mwaka 1964 aliunganisha mashine ya kuchapa na laini ya kawaida ya simu kwa modemu aliyoibuni. Vint Cerf, mmoja wa mababu wa intaneti, ana tatizo la kusikia na amesema mara nyingi jinsi barua pepe ilivyomfaa. Mashine ya Weitbrecht haikuenea kwetu. Kilichoenea ni SMS, baada ya rununu kushuka bei kuanzia 2000 hivi. Hiyo ndiyo teknolojia niliyoiita ya zamani na kuifuta!

Basi nikairudisha. Ujumbe wa kwanza ukaenda kwa yule mama, nikajiona shujaa. Jibu likaja kwa Kiingereza: je, ninaweza kuandika kwa Kiingereza?

Sikuelewa mpaka mwalimu aliponieleza. Katika mtaala wa Kenya mwanafunzi kiziwi anaweza kusoma na kutahiniwa Lugha ya Ishara badala ya Kiswahili. Mama huyo alipita shule ya viziwi, akajifunza kuandika Kiingereza, na lugha yake ya kwanza ni ya mikono. Kiswahili changu safi kilikuwa kwake kama ile sauti ya mashine.

Sasa mfumo una sehemu mbili mpya kwenye jedwali la wazazi: njia ya mawasiliano na lugha. Mzazi ndiye anayejaza. Bado natafuta namna ya kutuma video fupi za ishara bila kummaliza mtu bando. Mwenye wazo aniandikie.