Joe Gans na Raundi 42 za Goldfield

Kwenye dirisha la benki mjini Goldfield, katika jangwa la Nevada, promota Tex Rickard alipanga sarafu za dhahabu za dola 30,000 ili kila mpita njia azione. Zilikuwa kivutio cha pambano la tarehe 3 Septemba 1906, Joe Gans alipokutana na Battling Nelson kuwania ubingwa wa dunia wa uzito mwepesi.

Bingwa alikuwa Gans, lakini mkataba uliandikwa kana kwamba yeye ndiye mwombaji. Nelson, mzungu, alilipwa zaidi ya dola 20,000; Gans akaambulia 11,000. Tena upande wa Nelson ulimshurutisha apande mzani siku ileile ya pambano, akiwa na viatu na mavazi yote ya ulingoni, na asizidi ratili 133. Bondia aliyewahi kujinyima maji kwa ajili ya mzani anajua ukatili wa sharti hilo. Gans alilikubali kwa kuwa hakuwa na fedha.

Alizaliwa Baltimore mwaka 1874, na kabla ya kuishi kwa ngumi alikuwa akifungua chaza sokoni. Machi 1900 aliwania ubingwa dhidi ya Frank Erne, jicho likapasuka, akajitoa raundi ya 12. Desemba mwaka huohuo, mjini Chicago, aliangushwa na Terry McGovern katika raundi ya pili, na wengi waliolitazama pambano waliamini kwamba lilikuwa limeuzwa. Kelele zilizofuata ziliufanya mji huo upige marufuku ngumi za kulipwa. Doa hilo halifutiki. Lakini anayelitaja akumbuke pia kwamba bondia mweusi wa zama zile hakufika kwenye mapambano makubwa bila meneja mzungu, na neno la meneja lilikuwa amri.

Tarehe 12 Mei 1902, huko Fort Erie, Kanada, alirudiana na Erne na kumwangusha katika raundi ya kwanza. George Dixon, mweusi mwenzake, alikuwa ametangulia kuwa bingwa wa dunia, ila Dixon alizaliwa Kanada. Gans ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kufika hapo, miaka 6 kabla ya bondia Jack Johnson.

Turudi Goldfield. Nelson alikuwa mtu wa kusonga mbele na kupokea makonde mpaka mpinzani achoke. Gans alipiga ngumi fupi, zilizonyooka, na nyingi za Nelson alizidaka kwa glovu kabla hazijafika. Jua lilikuwa kali, na mkono wake wa kulia ukavunjika pambano likiendelea. Akazidi kuutegemea wa kushoto. Baada ya karibu saa tatu, raundi ya 42, Nelson alipiga chini ya mkanda na refa George Siler akampa Gans ushindi. Kwangu, ndilo pambano kubwa kuliko yote ya uzito huo.

Kwa fedha ya pambano hilo Gans alifungua hoteli Baltimore, akaiita Goldfield; mwanamuziki Eubie Blake alipiga piano humo. Mwaka 1908 Nelson alimshinda mara mbili. Kifua kikuu kilikuwa kimeshamwingia Gans. Alikwenda Arizona kutafuta hewa kavu, haikumsaidia, akarudishwa nyumbani kwa treni. Alifariki Baltimore tarehe 10 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 35, akazikwa katika makaburi ya Mount Auburn.