Aliyeshona Hatajwi

Ukiisoma historia ya Hanang kama ilivyoandikwa, utakutana na ngano kabla hujakutana na mwanamke. Utasoma kwamba mwaka 1970 Tanzania na Kanada zilianza mradi mkubwa wa ngano kwenye nyanda za Basotu. Utasoma kwamba mashamba yaliongezeka hadi kufikia saba, yakachukua karibu ekari laki moja, na kwamba ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, tawi kubwa la Wadatoga. Utasoma kuhusu makaburi ya wazee wao, yale ya vichuguu wanayoyaita bung'eda, yaliyolimwa kwa trekta. Utasoma kuhusu kijiji cha Mulbadaw kilichoishitaki NAFCO mwaka 1981, kikashinda Mahakama Kuu, kisha kikashindwa Mahakama ya Rufani.

Historia hiyo ni ya kweli na inauma. Nimeisoma mara nyingi, maana kazi ya uandishi wa habari imenipitisha sana Manyara, kuanzia Babati na Katesh hadi kata kama Getanuwas, ambako lori la mnadani likikupita huoni kitu kwa dakika mbili. Lakini kila nikiisoma najiuliza: wanawake walikuwa wapi? Ekari zimehesabiwa, magunia yamehesabiwa, ng'ombe nao wamehesabiwa. Kazi ya mikono ya wanawake wa kule, tena kazi iliyotengenezwa kama zawadi na sio kwa ajili ya soko, haikuhesabiwa na mtu. Leo nataka tuzungumzie nguo mbili kutoka Mbulu na Hanang, na mashuka ya mama yangu.

Tuanze na Wairaqw, ambao Waswahili wengi tumezoea kuwaita Wambulu. Zamani msichana wa Kiiraqw kabla ya kuolewa alipitia jando la wasichana lililoitwa marmo. Wasichana walitengwa kwa miezi kadhaa chini ya uangalizi wa wanawake wakubwa, wakafundishwa mambo ya utu uzima. Katika kipindi hicho walishona sketi. Ilikuwa ya ngozi ya mbuzi iliyolainishwa, ikashonewa shanga za kioo kwa maelfu, mstari juu ya mstari, mduara ndani ya mduara, na chini ikaachiwa nyuzi za ngozi zinazocheza mtu anapotembea. Msichana alipotoka marmo, alitoka na sketi hiyo mwilini. Aliyeingia alikuwa mtoto wa fulani, aliyetoka alikuwa mwanamke, na kila mtu aliyemwona angeweza kuona miezi yake ilivyotumika.

Ebu fikiria shanga zenyewe. Hazikuchimbwa Mbulu. Zilitengenezwa viwandani Ulaya, zikavuka bahari, zikapanda na misafara au zikauzwa na wenye maduka, zikabadilishwa kwa mbuzi au nafaka. Kwa hiyo kila mduara kwenye ile sketi ni hesabu ya familia: baba alitoa nini, shangazi aliongeza nini. Msichana alishona kwa mikono yake, lakini mali iliyoshonwa ilitoka kwa watu wengi waliomtakia mema.

Kufikia miaka ya 1930 marmo ilikuwa imepigwa marufuku chini ya utawala wa Waingereza. Jando likafa, na sketi ikafa nalo. Hii ndiyo sehemu inayonishughulisha. Hakuna aliyekataza kushona shanga kwenye ngozi. Kilichokatazwa ni ile miezi. Ukimnyima mtu muda, chumba na wanawake wa kumwelekeza, huna haja ya kumnyang'anya sindano, ataiweka chini mwenyewe. Kizazi kilichofuata kilikuwa na shule, kanisa, na nguo za dukani. Sketi zilizobaki zikaanza kuuzwa, na leo ukitaka kuziona vizuri itabidi uende kwenye makumbusho ya Marekani na Ulaya au kwenye mikusanyo ya matajiri. Zimetandazwa ukutani kama mchoro, taa imeelekezwa vizuri. Kibandiko kinataja Wairaqw, kinataja Tanzania, kinataja ngozi na shanga, na karne kwa kukadiria. Jina la msichana halipo.

Nguo ya pili ni ya majirani zao Wadatoga. Kwa Kiswahili tunawaita Wamang'ati, jina tulilolipokea kwa Wamaasai na maana yake ni maadui, kwa hiyo hata kuwataja tu tumeanza na ugomvi usiotuhusu. Mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa huvaa sketi ya ngozi iitwayo hanang'weanda. Ngozi hulainishwa kwa mafuta mpaka inakuwa laini kama kitambaa, hukatwa ikaning'inia kwa mikunjo mirefu, na kupambwa. Sio nguo ya kujisitiri tu. Wadatoga wanasimulia kwamba wanawake walipewa sketi hiyo na Udameselgwa, roho wa kike anayewalinda. Kwa hiyo zawadi ya kwanza kabisa katika mfululizo huu haikutoka kwa mama wala kwa mume, ilitoka mbinguni, na kila bi harusi anayeivaa anapokea kitu ambacho wanawake wenzake walikabidhiwa zamani.

Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi na Wabarabaig miaka ya 1950, aliandika mwaka 1964 kuhusu jambo ambalo wengi wetu tungedhani limeanza na semina za jinsia. Aligundua kwamba wanawake wale wana baraza lao. Mwanaume akimkosea mwanamke kwa namna inayovunja heshima ya wanawake wote, baraza hilo hukutana, husikiliza, na humtoza faini ya ng'ombe. Na analipa. Sasa unganisha hilo na sketi. Nguo inayotambulisha kwamba wewe ni mke inatambulisha pia kwamba nyuma yako kuna mahakama. Ndiyo maana nacheka kidogo nikisikia mtu mjini akisema eti wale mama wa ngozi wamebaki nyuma. Nyuma ya nani?

Lakini kauli hiyo ina historia yake, na historia hiyo ilifikia hadi serikalini. Mwaka 1967 na 1968, katika Mkoa wa Arusha wa wakati ule, ambao Mbulu na Hanang zilikuwa ndani yake, iliendeshwa kampeni ya kuwavua Wamaasai ngozi na lubega na kuwavisha suruali na magauni. Wadatoga walikuwa mkoa uleule, na ngozi zao zilitazamwa kwa macho yaleyale. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyolenga sketi fupi, suruali za kubana na mawigi mijini, marufuku ianze tarehe 1 Januari 1969.

Tulia hapo, msomaji. Katika muda usiofika miaka miwili nchi moja ilitangaza vita dhidi ya sketi mbili. Moja ilikuwa fupi mno na ya kisasa mno, ikavaliwa Dar es Salaam. Nyingine ilikuwa ndefu, ya ngozi, na ya kale mno, ikavaliwa nyikani. Msichana wa Kariakoo aliambiwa amewaiga Wazungu, mama wa porini akaambiwa awaige kidogo. Mwenye kuivaa hakuulizwa popote, na aliyeishona hakutajwa kabisa. Miaka miwili baadaye matrekta yakaingia Basotu. Siwezi kuyatenganisha mambo haya. Ukishawaaminisha watu kwamba nguo ya jirani ni aibu, si kazi ngumu kuwaaminisha kwamba malisho yake ni pori tupu.

Na malisho yakiondoka, nguo inafuata taratibu. Sketi ya ngozi inataka mifugo ili ipatikane ngozi, inataka mafuta ya kuilainisha, inataka mama mwenye nafasi ya kukaa chini. Familia iliyosukumwa kwenye ardhi kavu na kupunguza ng'ombe itakuwa na vyote hivyo kwa uchache. Hata hivyo hanang'weanda haijafa. Hilo ni tofauti kubwa na sketi ya Wairaqw, na nadhani sababu ni hii: sketi ya Wairaqw ilitegemea jando moja, na jando likafungwa kwa amri. Ya Wadatoga inategemea ndoa, na hakuna serikali iliyowahi kufanikiwa kufunga harusi.

Sasa nije kwa mama yangu, ambaye si Mdatoga wala hajawahi kuvaa ngozi. Mama ni wa kizazi cha wasichana waliofundishwa kudarizi shuleni, kwenye somo la maarifa ya nyumbani, na kwa masista. Nyumbani kwetu Babati kulikuwa na fremu ya duara ya mbao, nyuzi za rangi kwenye kopo la biskuti, na karatasi ya kaboni ya kunakilia maua. Alidarizi mashuka meupe, na foronya zenye maneno: Usiku Mwema upande mmoja, Lala Salama upande wa pili. Alifuma vitambaa vya makochi kwa kroshia. Kila msichana wa ukoo aliyeolewa aliondoka na jozi moja. Mama alianza kazi hiyo mara tu uchumba ulipojulikana, wakati mwingine kabla mahari haijakamilika, na shangazi zangu walikuwa wakimtania kwamba yeye ndiye anayejua harusi itakuwa lini, muulizeni shuka limefika wapi.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asinunue tu, maana siku hizi mashuka ya dukani ni bei nafuu na mtumba una mazuri kuliko hata ya dukani. Akaniambia, "Mwanangu, la kununua nitakuwa nimempa hela. Hili nimempa jioni zangu."

Sijasoma nadharia ya zawadi iliyosema vizuri zaidi ya hapo. Na ukilitazama neno lake, linawahusu wote watatu: msichana wa marmo na miezi yake, mama wa Kidatoga na ngozi yake, na mama yangu na taa yake ya chemli. Wote wanashona muda, kisha wanautoa.

Kuna sehemu moja duniani ambako kazi ya namna hii ilitajwa kwa majina, na inafaa tuiangalie. Gee's Bend ni kijiji cha watu weusi kwenye kona ya mto Alabama, Marekani, wazao wa watumwa wa shamba la pamba. Wengi wao bado wanaitwa Pettway, jina la aliyekuwa bwana wa shamba hilo. Wanawake wa pale walishona mablanketi ya viraka: suruali za kazi zilizochakaa, magunia, mashati ya marehemu, vikaunganishwa na kushonewa matabaka ili watoto wasipigwe na baridi kwenye nyumba zenye nyufa. Mwaka 2002 mablanketi yale yalionyeshwa kwenye makumbusho ya sanaa Houston, kisha New York. Mwaka 2006 yakawekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Na pembeni ya kila blanketi palikuwa na jina: Mary Lee Bendolph, Loretta Pettway, Annie Mae Young.

Mtu atasema jina ni jambo dogo. Sio dogo. Mwaka 2007 baadhi ya wanawake hao, akiwemo Annie Mae Young na Loretta Pettway, walifungua mashauri mahakamani wakidai haki zao katika biashara iliyotokana na kazi ile. Mwaka uliofuata mashauri yakamalizwa kwa makubaliano. Sisemi kwamba walitajirika. Ninachosema ni kwamba ili mtu aende mahakamani lazima kwanza awe na jina. Walioshona sketi za marmo hawana. Wajukuu wao wapo Mbulu, wengine wanalima vitunguu, wengine ni walimu, na hata wakisimama mbele ya kioo cha makumbusho hawataweza kusema hii ni ya bibi yangu, nirudishieni, au angalau andikeni alikuwa nani.

Sisi tunaopenda vitabu tuna tabia ya kulalamika kwamba mabibi zetu hawakuandika. Mimi naona walioandika kwa sindano tumewanyima haki ya msingi kabisa ya mwandishi, jina juu ya kazi yake. Na hapa siwezi kuwalaumu wakoloni na makumbusho peke yao. Kwenye makabati yetu kuna vitambaa, mashuka, vikapu na shanga ambavyo tunajua nani alivitengeneza, kwa ajili ya nani, mwaka gani. Tukifa sisi, vitakuwa "kitambaa cha zamani, Tanzania."

Dada yangu wa mwisho alipoolewa, mama alikuwa amedhoofika macho. Shuka lake lina ua moja ambalo petali zake hazikukutana. Dada hajawahi kulitandika, amelikunja ndani ya sanduku pamoja na vyeti. Nilimwomba alitoe. Tukachukua kalamu ya wino usiofutika, na kwenye pindo la ndani, pale ambapo mgeni haoni, tukaandika jina kamili la mama, majina matatu, na mwaka.

Mama alipoona alinuna kidogo. Alisema tumemharibia shuka.