Mlango wa Moyo Unapobana

Leo tuzungumze juu ya ugonjwa unaoanza kimyakimya: kubana kwa milango ya moyo.

Moyo una milango minne, ambayo madaktari huiita vali. Mmoja uko pale damu inapotoka moyoni kuingia katika mshipa mkuu uitwao aota. Ukikakamaa na kubana, moyo husukuma damu kwa shida. Mgonjwa huishiwa na pumzi akipanda ngazi, huumwa kifua, au huzimia akifanya kazi nzito. Wengine huzaliwa na kasoro hiyo. Wengine huipata uzeeni. Lakini hapa Afrika Mashariki, kwa watoto na vijana wengi tatizo la vali huanzia kooni. Koo linaloambukizwa na bakteria lisipotibiwa, huweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo huacha makovu kwenye milango ya moyo.

Zamani daktari aliweka sikio kifuani mwa mgonjwa. Mwaka 1816, mjini Paris, daktari René Laennec aliona haya kufanya hivyo kwa mwanamke kijana. Akakunja karatasi ikawa kama bomba, na moyo ukasikika vizuri zaidi. Hapo ndipo kilipoanzia kile chombo ambacho daktari huvaa shingoni, kinachomwezesha kusikia damu ikivuma kwenye mlango uliobana.

Lakini kusikia si kutibu. Mwaka 1925, huko London, Henry Souttar aliingiza kidole moyoni mwa msichana ili kupanua mlango wa ndani uliobana. Mwaka 1960, Marekani, Dwight Harken aliweka mlango bandia mahali pa ule wa aota. Mwaka 2002, Alain Cribier wa Ufaransa aliupitisha mlango mpya ndani ya mshipa wa damu bila kupasua kifua. Matibabu haya huokoa maisha, lakini ni ghali. Hata Hospitali ya Mater, Nairobi, kwa miaka mingi iliandaa Mbio za Moyo ili kuchangia upasuaji wa watoto.

Je, hatuwezi kuuwahi ugonjwa kabla ya kisu? Jibu lilitoka kwa jirani zetu wa Gulu, Uganda. Kuanzia 2018, watafiti waliwapima watoto zaidi ya 100,000 kwa mashine inayoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti. Waliwapata zaidi ya 800 wenye dalili za mapema, ambao wengi hawakujua kuwa wanaumwa. Nusu yao walidungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Baada ya miaka miwili, waliozidiwa miongoni mwa waliodungwa walikuwa 3 kati ya 399. Miongoni mwa wasiodungwa walikuwa 33 kati ya 400. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021.

Mama, tangu sheria ya EPZ ya mwaka 1990, maelfu ya akina mama wameshona nguo hapa Athi River. Kuomba ruhusa ya kutoka zamu si jambo rahisi, na koo la mtoto huonekana jambo dogo. Kwa hiyo mwachie mlezi kitabu cha kliniki na nambari yako ya simu, mkubaliane nani atampeleka mtoto.

Mlezi, mtoto akiumwa koo na kuwa na homa, mpeleke kliniki, na dawa aimalize hata akipata nafuu. Wiki mbili au tatu baadaye, viungo vyake vikivimba na maumivu yakihama kutoka goti hadi kiwiko, usiseme anakua tu. Mrudishe haraka. Aliyeandikiwa sindano za kila mwezi asiruke hata moja.

Nawe mama mjamzito, ukikosa pumzi unapolala chali, mwambie muuguzi akusikilize moyo.

Koo la leo lisipotibiwa, moyo wa kesho hulipa. Afya njema, mpaka tutakapokutana tena.