Tarakimu Ilikuwa Kwenye Skrini

Leo tuyaache mambo ya virusi vya kompyuta, tuingie chumba cha eksirei.

Wilhelm Röntgen aligundua miale hii Ujerumani mnamo 1895. Haikuchukua muda watu wakaanza kuumia. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison kule Marekani, aliungua hadi akakatwa mikono, akafariki mwaka 1904.

Enzi za filamu, ukizidisha mionzi picha ilitoka nyeusi, kwa hivyo kosa lilijitangaza lenyewe. Mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya CT jijini London, na kompyuta ikashika usukani. Hapa mambo yaligeuka: kwenye CT, mionzi ikizidi picha haiharibiki, bali hutoka safi zaidi. Daktari anafurahi, mgonjwa hahisi kitu. Nani atalalamika?

Basi sikiza yaliyotokea hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles. Mwezi Februari 2008 mipangilio ya mashine ya CT ilibadilishwa kwa ajili ya picha za ubongo za watu walioshukiwa kuwa na kiharusi. Kuanzia hapo, kila aliyepigwa picha hiyo alipata takriban mara nane ya mionzi iliyokusudiwa: gray 3 hadi 4 badala ya 0.5. Hali hiyo iliendelea kwa miezi 18 hivi, ikawapata wagonjwa zaidi ya 200. Iligunduliwa Agosti 2009, baada ya mgonjwa mmoja kueleza kuwa nywele zake zinanyonyoka.

Mashine haikuharibika. Ilitii ilivyoamriwa, na kipimo cha mionzi kilionyeshwa kwenye skrini kila mara. Lakini tarakimu isiyo na kikomo cha kulinganishwa nacho ni pambo tu.

Mwaka 2010 watengenezaji walitoa kiwango kinachoitaka mashine ya CT imwonye mhudumu kabla hajaanza, iwapo kipimo kimepita kikomo kilichowekwa na hospitali. Mwaka huo huo California ilipitisha sheria ya kuandika kipimo cha CT katika ripoti ya mgonjwa, ikaanza kutumika Julai 2012.

Sisi waandishi wa programu tuna la kujifunza hapa. Ukibadilisha mpangilio wa awali, umewaamulia wote watakaofuata. Weka kikomo, weka onyo, na uhifadhi kumbukumbu. Tusingoje nywele za mtu zitupe habari.