La Kichina ndilo lenyewe

Katika maduka ya Kariakoo, kuanzia Mtaa wa Msimbazi hadi pembezoni mwa Mnazi Mmoja, neno "mchina" limekuwa kipimo cha bei na lawama kwa pamoja. Simu ya mchina, pasi ya mchina, spika ya mchina: mnunuzi akisikia hivyo anajua atalipa kidogo, na anajua pia kwamba kitu kikiharibika hana wa kumlilia. Muuzaji mjanja hujihami hata kabla ya kuulizwa, akaapa kwamba chake ni "og". Sina haja ya kukitetea wala kukibeza kipimo hicho kwa kila bidhaa. Lakini kipo kitu kimoja kinachokiumbua, nacho ni toazi la Kichina la seti ya dramu: lile lenye ukingo uliokunjwa kama ukingo wa sinia, ambalo likipigwa hulia "kwaash!" na kunyamaza papo hapo. Kijana wa kwaya anayelitafuta kwa mfuko mwembamba huambiwa ajishikize na la Kichina kwa sasa, akipata hela anunue la Marekani au la Uturuki, lenyewe hasa. Ushauri huo una nia njema, ila umegeuza mambo. Kwa toazi la aina hii, lenyewe hasa ni hilo la bei rahisi, na anayetaka ushahidi ataupata katika historia ya chombo.

Kupiga shaba kwa shaba si jambo geni pwani. Upatu ulikuwa sahani ya shaba iliyopigwa kwa kijiti ngomani muda mrefu kabla mtu yeyote hapa hajaiona seti ya dramu, ingawa leo ukilitaja neno hilo Kariakoo watu watafikiri unazungumzia mchezo wa fedha. Toazi la kisasa lilikuja kwa njia nyingine, njia ya jeshi. Majeshi ya Ulaya yaliiga matoazi ya bendi za askari wa Kituruki katika karne ya 18, na Wajerumani walipoweka bendi ya askari Dar es Salaam, mtindo huo ulishuka nao bandarini. Raia wakauchukua wakaufanya wao. Beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi iliyoanzia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ilienea Tanganyika nzima kwa vyama vyake viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka 1975. La kuzingatia hapa ni jinsi watu walivyolikabili suala la bei: kule kusini, karibu na Ziwa Nyasa, wacheza mganda, ngoma iliyotokana na beni, walioshindwa kununua matarumbeta walitengeneza vibuyu vinavyolia kama tarumbeta, na gwaride likaendelea. Hata hivyo, tarumbeta lilibaki kuwa kigezo na kibuyu kikabaki mwigo wake. Kwa mantiki hiyo ya beni, anayetuambia tusubiri toazi la Uturuki angekuwa sahihi, kwa sababu katika mlolongo ule Mturuki ndiye mwenye chombo na sisi wengine ni waigaji.

Kasoro ni kwamba seti ya dramu haikuzaliwa katika gwaride peke yake. Ilizaliwa Marekani, pale mtu mmoja alipoketi kitini akaanza kufanya kazi ya watu watatu, hasa baada ya pedali ya kupigia ngoma kubwa kwa mguu kuboreshwa na kampuni ya Ludwig mwaka 1909. Wapigaji wale wa mwanzo wa jazi walikuwa watu wa kuokoteza. Ngoma kubwa na ile ndogo ya nyuzi walizitoa kwenye bendi za kijeshi. Vingine walivipata kwa wahamiaji Wachina waliokuwa na maduka na majumba ya tamthilia katika miji ya huko. Ngoma ndogo za mwanzo zilizofungwa juu ya ngoma kubwa zilikuwa za Kichina, zenye ngozi iliyopigiliwa misumari pembeni. Matoazi ya Kichina yaliingia kwa mlango huohuo. Kwa hiyo muziki wa dansi ulipofika kwetu na bendi kama Dar es Salaam Jazz zikaanza katika miaka ya 1930, seti iliyokuja nao ilikuwa na nasaba mbili, moja ya Kituruki na nyingine ya Kichina, na hakuna aliye mtoto wa kambo.

Litazame toazi lenyewe kwa karibu. La Kituruki lina kitovu cha mviringo kama bakuli lililofunikwa, na mwili wake unateremka taratibu hadi ukingoni. La Kichina, kwa jina la kwao *bo*, lina kitovu kilichosimama kama kikombe kidogo, kwa sababu asili yake ni mpini: katika mahekalu ya Kibudha, katika opera na katika ngoma ya simba, mpigaji hushika mawili mikononi na kuyagonganisha. Ukingo wake umekunjwa kuelekea upande wa pili, na ndiyo maana wapigaji wengi wa dramu hulifunga chali, ili fimbo isiukate ukingo wala ukingo usiile fimbo. Madini yake ni shaba nyekundu asilimia 80 na bati asilimia 20 (bati la madini, si la paa), yanayosubuliwa na kufuliwa kwa nyundo yakiwa na moto. Mji wa Wuhan ndio uliopata jina kwa kazi hiyo, matoazi na upatu mkubwa wa kuning'iniza. Upande wa pili kuna kampuni ya Zildjian, iliyoanzishwa Konstantinopoli mwaka 1623 na kuhamia Marekani mwaka 1929. Sabian ya Kanada iliyochipuka humohumo katika ukoo wa Zildjian mwaka 1981. Na Paiste ya Uswisi. Wote hao wanauza toazi waliloliita "china", na jina hilo ni kukiri kwao kwamba hapa waigaji ni wao. Mpiga dramu Neil Peart wa bendi ya Rush, mtu ambaye angeweza kununua chochote, alitumia matoazi ya Wuhan kwa miaka mingi.

Kama hivyo ndivyo, kwa nini la Wuhan mara nyingi huuzwa chini ya nusu ya bei ya wenzake? Kwa sababu soko lake la kwanza si wapiga dramu. Hutengenezwa kwa wingi kwa vikundi vya opera na ngoma ya simba, kwa mafundi wanaolipwa kwa viwango vya China, bila gharama ya matangazo ya mastaa. Na kwa nini sisi tuliisoma bei hiyo kama dalili ya ubovu? Hapo inabidi turudi mjini kwetu. Baada ya uhuru, vyombo vingi vya muziki vilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na hata kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa 1968, kilikuwa na bendi yake, Urafiki Jazz. Mpigaji wa bendi hizo alikuwa mwajiriwa. Hakuchagua toazi, alilikuta. Fedha za kigeni zilipokauka, toazi likipasuka lilipigwa hivyohivyo na ufa wake. Kisha mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao, biashara ikafunguka, na Kariakoo ikafurika. Mtu binafsi akaweza kujinunulia seti, na seti nyingi za bei ya chini zilikuja na matoazi membamba yanayolia kama mfuniko wa sufuria. Jina baya la "mchina" kwenye muziki lilitokana na hayo, na lilistahili.

Pingamizi la kwanza linatoka hapohapo: yale ya sufuria nayo si yametoka China? Yametoka, lakini kutoka China na kuwa toazi la Kichina ni mambo mawili. Yale kwa kawaida ni shaba ya njano, yaani shaba na zinki, bamba lililokatwa na kukandamizwa kwa mashine kuiga umbo la Kituruki. Huo ndio mwigo wa kukwepa, hata yakiwa yamekunjwa ukingo. Katikati kuna daraja la bamba lenye bati asilimia 8 tu, linalolia kwa ukali zaidi na si baya. Usiuamini mhuri, tazama mapigo ya nyundo kama yana kina na yamepishana ovyo kama kazi ya mkono, kisha ligonge.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: haya ya Wuhan hupasuka. Ni kweli, na ni vibaya kuficha. Ni membamba, yamefuliwa kwa mkono, na ufa huanzia ukingoni au kwenye tundu la katikati. Ila sehemu kubwa ya vifo hivyo husababishwa na ufungaji: nati imekazwa hadi mwisho, mpira wa kuzuia chuma kisiguse shaba umepotea, na toazi linapigwa kwa nguvu kutoka mbele badala ya kufagiwa kwa mshazari. Ukilipa chini ya nusu ya bei, hata likidumu nusu ya umri hujapata hasara.

Wazee wa dansi wana la kwao, kwamba chombo hiki ni kelele tupu na rumba haikihitaji. Kwa rumba nakubaliana nao. "Mkaanga chipsi", yaani mpiga dramu wa bendi ya dansi, hufanya kazi nyingi kwenye haihati, yale matoazi mawili ya kanyagio. Lakini mteja wa leo ni aghalabu mpigaji wa kanisani au wa bendi ya vijana, anayetaka alama moja ya ghafla katika wimbo, na ufupi wa sauti ya toazi hili ndio faida yake chini ya paa la bati na sakafu ya vigae. Ndani ya ukumbi wa namna hiyo inchi 16 zinatosha. Uwanjani, inchi 18. Na kwa kuwa ni kazi ya mkono, mawili ya saizi moja kutoka katoni moja hayalii sawa. Muuzaji akikugongea lililotundikwa ukaipenda sauti yake, kisha akageuka kukuletea "jipya" lililofungwa stoo, mwambie akushushie hilohilo lililotundikwa.