Shule ya Garfield na Mtihani wa 1982

Upande wa mashariki wa Los Angeles, katika nchi ya Marekani, iko shule ya sekondari ya serikali iitwayo Garfield. Wanafunzi wake wengi asili yao ni Meksiko. Mwezi wa Machi 1968 waliondoka madarasani pamoja na wenzao wa shule nyingine, wakilalamika ya kuwa hawafundishwi sawasawa. Walakini mambo hayakutengenea upesi. Hata 1974, alipofika Bwana Jaime Escalante, shule ilikuwa karibu kunyang'anywa kibali chake.

Bwana huyu alikuwa mwalimu kwao Bolivia, lakini Marekani hati zake hazikukubaliwa. Akapiga deki mkahawani huku akisoma upya. Alipotaka kufundisha hesabu za juu ziitwazo kalkulasi, wengi walimwona mpumbavu. Na kweli, mwaka 1979 watano tu waliufanya mtihani, wakafaulu wawili.

Mwaka 1982 wakaufanya 18, wakafaulu wote. Ndipo wasimamizi wa mtihani walipoona ya kuwa majibu ya 14 yamefanana mno, hata makosa yao, wakawashuku wizi. Lau wangalikuwa watoto wa matajiri, je, wangalishukiwa? Mimi nina mashaka. Kumi na wawili wakakubali kuufanya tena mwezi wa Agosti, wakafaulu wote.

Sinema ya 1988 iliyosimulia habari hii yamfanya mtu adhani ni kazi ya mwaka mmoja na ya mtu mmoja. Sivyo. Mwalimu mkuu, Bwana Henry Gradillas, aliyeshika kazi 1981, alipunguza madarasa ya hesabu nyepesi, akawazuia wenye alama duni wasiingie michezoni. Naye Bwana Ben Jiménez alifundisha bega kwa bega na Escalante. Basi 1987 wakafaulu 73 mtihani wa kwanza wa kalkulasi, na 12 ule mgumu zaidi.

Mwaka huo huo Gradillas akaondoka. Chama cha walimu nacho kikanung'unika kwamba Escalante ana wanafunzi zaidi ya 50 darasani, na mapatano yalikuwa 35. Sisi tuliozoea madarasa ya namna hiyo twaweza kucheka, wao hawakucheka. Mwaka 1991 Escalante na Jiménez wakaondoka, na katika miaka michache idadi ya waliofaulu kalkulasi pale Garfield ikaanguka vibaya.